Namna ya Kupata Karatasi za Picha za Satini kwa Bei Nafuu kwa Printa za Wino

Tangu printa za wino wa tangi zilipoenea katika studio zetu, gharama ya wino kwa kila picha imeshuka sana, na sasa kinachokula faida ni karatasi. Mwenye printa ya Epson L805, L1800 au L8050 anaweza kuchapa picha za harusi, za mahafali na za fremu za sebuleni pale pale dukani kwake, lakini akiingia Kariakoo au River Road ya Nairobi hukuta pakiti nyingi zenye maandishi yanayofanana na bei zinazopishana mno. Karatasi ya kung'aa imejaa kila duka, ilhali ya satini, yaani yenye mng'ao mpole, ni ya kutafuta. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitafuta, kuipima kwa mikono yako mwenyewe kabla ya kununua kwa wingi, na kukokotoa bei yake halisi, yaani gharama ya kila picha nzuri unayoweza kumkabidhi mteja, ambayo ni tofauti kabisa na bei iliyobandikwa kwenye pakiti.

Sababu ya kujisumbua na satini ni za kikazi. Albamu ya harusi hupita mikononi mwa ndugu wengi, na karatasi ya kung'aa hubaki na alama za vidole kila ukurasa. Picha ya kung'aa ikitundikwa mkabala na dirisha huakisi mwanga kiasi kwamba sura haionekani mpaka usogee pembeni. Satini hupunguza kasoro zote mbili bila kuua rangi kama inavyofanya karatasi isiyong'aa kabisa. Weusi wake huwa hafifu kidogo kuliko wa karatasi ya kung'aa, lakini kwa picha za watu tofauti hiyo ni ndogo, na ngozi nyeusi huonekana vizuri sana juu yake kwa sababu mwako wa taa hauvurugi maungo ya uso.

Kwenye pakiti utakutana na majina kadhaa: "Satin", "Semi-Gloss", "Luster", "Pearl" na "Silk". Hakuna sheria inayowabana watengenezaji, kwa hiyo usiache kununua kwa sababu tu jina si lile ulilozoea. Kwa kawaida zile za "Luster" na "Pearl" huwa na chembechembe ndogo unazoweza kuzihisi kwa ukucha, na zile za "Satin" na "Semi-Gloss" huwa laini zaidi. Zote ziko katika familia moja, na mara nyingi pakiti yenye jina lisilo maarufu ndiyo yenye bei nzuri, kwa kuwa wanunuzi wengi huipita bila kuiuliza.

Kilichomo ndani ya karatasi

Karatasi za picha zinazouzwa madukani zimejengwa kwa namna mbili kuu, na tofauti hii ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya tofauti ya bei. Ya kwanza ni karatasi iliyovishwa plastiki pande zote mbili, ambayo kwenye pakiti huandikwa herufi RC. Katikati kuna karatasi ya kawaida, mbele na nyuma kuna utando mwembamba wa plastiki, na juu ya utando wa mbele ndipo lilipopakwa tabaka la kupokea wino. Kwa kuwa wino hauwezi kupenya hadi kwenye karatasi ya ndani, picha hubaki bapa, haijikunji hata ukimwaga wino mwingi, na mgongo wake haulowi. Ya pili ni karatasi ya kawaida iliyopakwa tabaka la kupokea wino moja kwa moja bila plastiki. Hii ni rahisi kutengeneza na ni rahisi kununua, lakini hufyonza maji kwa nyuma, hujikunja wakati wa masika, na picha yenye maeneo mengi meusi huifanya iwe na mawimbi.

Kwa picha za pasi na za vitambulisho, karatasi ya namna ya pili inatosha. Kwa albamu, fremu au picha atakayolipia mteja kwa bei ya heshima, tafuta RC, na usikubali kuambiwa kwamba zote ni sawa.

Tabaka lenyewe la kupokea wino nalo lina aina mbili. Lipo lenye vitundu vidogo sana vinavyonyonya wino mara moja, hivyo picha hutoka ikiwa kavu. Lipo pia linalovimba linapoguswa na wino, kisha hukauka polepole. Kwa watu wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ina unyevunyevu karibu mwaka mzima, ningeshauri lile la vitundu, kwa sababu lile la kuvimba linaweza kubaki likinata kwa saa nyingi na picha zikashikana ukizipanga. Lenye vitundu lina udhaifu wake: hewa huingia kwenye vitundu hivyo hivyo, na wino wa tangi wa kawaida, ambao rangi yake imeyeyushwa kwenye maji, hupauka upesi picha ikiachwa wazi ukutani. Dawa yake ni fremu yenye kioo, albamu, au lamineshani, na mteja anastahili kuelezwa hivyo anapochukua picha zake.

Vipimo vya kufanya dukani

Muuzaji wa jumla akijua kwamba una nia ya kununua katoni, hatakataa kukufungulia pakiti moja. Mwambie waziwazi: "Kaka, naomba unifungulie moja niipime, ikinifaa nitachukua katoni." Lipia pakiti hiyo kama ni lazima. Kisha fanya mambo matatu hapo hapo kaunta.

Chana kona ya karatasi moja taratibu. Ikiwa ni RC utaona utando wa plastiki ukivutika kidogo kabla ya kukatika, na mara nyingine unaweza kuubandua kwa ukucha ukatengana na karatasi ya ndani. Ikiwa haina plastiki itachanika kama bahasha, na nyuzi za karatasi zitaonekana wazi ukingoni.

Weka tone la maji mgongoni mwa karatasi na usubiri kama dakika moja. Juu ya plastiki tone hubaki limesimama na unaweza kulifuta; kwenye karatasi isiyo na plastiki litazama na kuacha doa.

Lowesha kidole kidogo tu ukiguse upande wa kuchapia pembeni kabisa. Tabaka lenye vitundu hushika kidole na kukikausha mara moja. Tabaka la kuvimba huteleza na kunata kama gundi. Upande usioshika kabisa wala kunata si upande wa kuchapia, au karatasi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya wino wa maji.

Kipimo cha nne hufanyika kwenye mizani, na ndicho ninachokithamini kuliko vyote kwa sababu hakibishaniwi. Uzito wa karatasi za picha huandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba, na satini nzuri nyingi ziko kati ya gramu 240 na 270. Epson Premium Semigloss ina gramu 251 na Canon SG-201 ina gramu 260. Karatasi moja ya A4 ina eneo la mita za mraba 0.0624. Kwa hiyo karatasi 20 za A4 zenye gramu 260 zinapaswa kuwa na uzito wa takriban gramu 324 bila pakiti yake. Za gramu 230 zitakuwa takriban 287. Za gramu 180 zitakuwa takriban 225. Mizani ya jikoni ya dijitali inatosha. Pakiti inayodai gramu 260 halafu ikaja na gramu 250 kwa karatasi 20, imekupa karatasi ya gramu 200, na bei yake ilinganishwe na za gramu 200. Upungufu wa gramu chache usikusumbue, kwani unyevu na ukataji huleta tofauti ndogo.

Ukimaliza hapo, angalia kingo za karatasi ukiwa umezilaza juu ya kioo cha kaunta. Kingo zenye mawimbi ni dalili kwamba pakiti imekaa stoo yenye unyevu, na karatasi kama hiyo itagusa kichwa cha printa na kuacha michirizi. Hata ikiuzwa kwa nusu bei, iache.

Karatasi zinazofanana na hizi na zisizofaa

Wauzaji wa vifaa vya uchapaji wana karatasi nyingine wanayoiita satini au ati pepa, inayotumika kwenye mashine kubwa za kuchapa vipeperushi na kwenye printa za leza. Inateleza mkononi, ina mng'ao mpole, na bei yake inavutia sana. Wino wa printa yako hautakauka juu yake; utakusanyika kama matone na kufutika kwa kidole hata kesho yake. Kipimo cha kidole kilicholowa kitakuonyesha mapema.

Karatasi ya maabara za zamani za picha, zile zinazosafisha kwa kemikali, nayo haikufai. Hiyo huhisi mwanga, na ikishafunguliwa nje ya giza imekwisha kuharibika.

Ipo hata hivyo karatasi ya roli ambayo wengi hawaifikirii, nayo inafaa vizuri kabisa: ile ya mashine kavu za maabara, yaani zisizosafisha picha kwa kemikali, kama Epson SureLab D700 na Fujifilm Frontier-S DX100. Mashine hizi hutumia wino wa maji, na roli zake za "Luster" ni RC zilizotengenezwa kwa wino huo. Roli hizo mara nyingi huwa na urefu wa mita 65. Roli ya upana wa milimita 152 ukiikata kila baada ya milimita 102 inatoa zaidi ya picha 630 za inchi 4 kwa 6. Ya upana wa milimita 210 ukiikata kwa urefu wa A4 inatoa karatasi zipatazo 218. Gawanya bei ya roli kwa idadi hiyo kisha linganisha na pakiti za kawaida. Utahitaji kisu cha kukatia chenye reli, uso safi usio na vumbi, na subira, kwa sababu karatasi ya roli hupenda kurudi kwenye mkunjo wake. Zikate, zilaze chini ya mbao nzito kwa siku mbili tatu, ndipo uziweke kwenye printa. Ulizia katika maabara kubwa za picha za mjini kwako: wao huagiza roli kwa boksi, na wapo wanaokubali kuuza moja moja.

Kukokotoa bei

Hesabu ya kwanza ni bei ya karatasi moja, na hiyo kila mtu huifanya. Hesabu inayosahaulika ni ile ya karatasi zilizoharibika pamoja na wino uliomwagika juu yake. Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Pakiti ya kwanza ina karatasi 20 kwa shilingi 14,000, yaani 700 kila moja. Pakiti ya pili ina karatasi 50 kwa shilingi 25,000, yaani 500 kila moja. Tuseme wino wa picha moja ya A4 unagharimu shilingi 300. Karatasi zote 20 za pakiti ya kwanza zikitoka salama, umetumia 20,000 kwa picha 20, sawa na 1,000 kwa picha. Katika pakiti ya pili, zikiharibika 10 kwa madoa au kujikunja, umetumia 40,000 kwa picha 40, ambayo nayo ni 1,000 kwa picha. Unafuu wote wa shilingi 200 umeisha, na hapo hujahesabu muda wako wala mteja aliyesimama akisubiri. Ikiharibika hata moja zaidi ya hizo kumi, ile ya bei ya chini imekuwa ghali.

Ukubwa wa karatasi nao una faida iliyojificha. Kwenye A4 unaweza kupanga picha tatu tu za milimita 102 kwa 152, na kipande kinachobaki ni cha kutupa. Kwenye A3+, yenye milimita 329 kwa 483, zinaingia picha tisa. Eneo la A3+ ni kama mara mbili na nusu ya A4, lakini picha zinazotoka ni mara tatu. Mwenye L1800 au L18050 anayechapa picha ndogo nyingi za albamu aulize bei ya A3+ kabla ya kukimbilia A4. Kama bei yake haifiki mara tatu ya bei ya A4 ya aina hiyo hiyo, A3+ ndiyo nafuu, ila ukataji unaongezeka.

Wapi pa kununua

Duka la vifaa vya ofisini la mtaani kwako ni pa kununulia pakiti moja ya dharura. Kwa kazi ya kila wiki nenda kwa waingizaji wenyewe au kwa wauzaji wa jumla wanaohudumia studio na maduka ya steshenari, na uulize bei tatu: ya pakiti, ya pakiti kumi, na ya katoni. Tofauti kati ya bei ya kwanza na ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha kama inafaa kuungana na wapiga picha wenzako wawili watatu mkanunua katoni moja na kugawana. Studio ndogo za mikoani, ambako satini haifiki kabisa, hunufaika zaidi kwa njia hii, kwani nauli ya basi kwa boksi moja hugawanywa kwa wote.

Wapo wanaoagiza China kupitia mawakala wa mizigo walioko Guangzhou. Hapa ifahamike kwamba karatasi ni nzito lakini haichukui nafasi: karatasi 1,000 za A4 za gramu 260 zina uzito wa kilo 16 na kidogo, ilhali zikipangwa hazijazi hata ndoo ya lita 20. Mizigo ya ndege hutozwa kwa kilo, kwa hiyo karatasi iliyokuja kwa ndege hupoteza unafuu wake wote njiani. Mizigo ya meli hutozwa kwa ujazo, na huko ndiko karatasi inakolipa. Muulize wakala kama ana kikomo cha uzito kwa kila mita ya ujazo, na mtake muuzaji afunge kila boksi kwa plastiki, kwa sababu ndani ya kontena kuna joto na jasho. Usiagize kwa wingi karatasi ambayo hujapata sampuli yake mkononi.

Njia nyingine ya kupata sura ya satini bila karatasi ya satini ni kuchapa kwenye RC ya kung'aa, ambayo hupatikana kila mahali, kisha kuifunika kwa lamineshani baridi isiyong'aa au yenye chembechembe. Picha ipewe saa 24 ikauke kwanza, la sivyo unyevu wa wino utanaswa chini ya plastiki na kuacha ukungu. Gharama inaongezeka, lakini picha iliyofunikwa hivyo hustahimili maji, vidole na hewa kuliko satini tupu, na kwa picha kubwa za ukutani naona ndiyo njia bora hata pale satini inapopatikana.

Kuijaribu nyumbani

Nunua mara moja pakiti ndogo ya satini ya kampuni iliyotengeneza printa yako, hata kama ni ghali. Hiyo itakuwa kipimo chako: chapa juu yake picha moja ya majaribio, iweke kwenye bahasha gizani, na kila karatasi mpya uichape picha hiyo hiyo na kuzilinganisha mchana kweupe karibu na dirisha. Picha hiyo iwe na sura ya mtu mwenye ngozi nyeusi, suti nyeusi yenye mikunjo, gauni jeupe, majani mabichi, maandishi madogo, na mstari wa kijivu unaotoka mweusi hadi mweupe. Mstari wa kijivu ni shahidi mkali: ukielekea ukijani au uwaridi, ngozi za wateja wako nazo zitaelekea huko. Suti ikigeuka doa moja jeusi lisilo na mikunjo, tabaka limezidiwa na wino.

Kabla ya kuilaumu karatasi, hakikisha umeichagulia aina sahihi kwenye programu ya printa. Karatasi za bei nafuu haziji na mipangilio yake, kwa hiyo kwenye Epson anza na "Premium Semigloss", na wino ukizidi jaribu chaguo lenye wino kidogo zaidi. Wenye Canon za tangi za mfululizo wa G wawe makini zaidi: nyingi kati ya hizo zina wino mweusi wa chembe ("pigment"), yaani ambao rangi yake haikuyeyuka kwenye maji, uliokusudiwa karatasi za kawaida, na ukiacha chaguo la karatasi ya kawaida wino huo utamwagwa juu ya satini na kufutika kwa kiganja. Ukichagua karatasi ya picha, printa huunda weusi kwa kuchanganya rangi nyingine, na tatizo huisha.

Baada ya dakika kumi pitisha kidole kikavu juu ya sehemu nyeusi. Kesho yake dondoshea tone la maji kwenye kona na ulifute. Kisha funika nusu ya picha nyingine kwa kadibodi, uibandike dirishani penye jua kwa wiki kadhaa. Ukiondoa kadibodi, mpaka kati ya nusu mbili utakueleza kuhusu wino na karatasi hiyo mambo ambayo hayakuandikwa popote kwenye pakiti.

Karatasi ikifaulu, rudi ununue kutoka kwenye katoni ile ile kama bado ipo. Wauzaji wa chapa zisizo na kiwanda chao hubadilisha mtengenezaji bila kubadilisha pakiti, na mzigo wa Juni unaweza usiwe ule wa Januari. Andika namba ya toleo na tarehe ya ununuzi kwa kalamu juu ya kila boksi, na ukifungua mzigo mpya rudia kipimo cha mizani na picha ya majaribio kabla ya kupokea kazi ya harusi. Maboksi yalazwe bapa juu ya rafu, mbali na sakafu ya saruji na ukuta wa nje, na pakiti iliyofunguliwa irudishwe kwenye mfuko wake wa plastiki pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiache karatasi kwenye trei ya printa usiku kucha. Asubuhi yake kingo zitakuwa zimeinuka.